Kuukuu, Chakavu na Bovu: Istilahi za Kulidumisha Lori la Zamani katika Pwani ya Kilwa na Lindi

1. Utangulizi

Wahenga walisema kwamba ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa. Maana yake ni kwamba kamba, hata ikiwa imetumika siku nyingi, haiwezi kulinganishwa na kijikamba chembamba cha ukindu, hata kikiwa kimesokotwa leo. Methali hii inafaa kukumbukwa kila mtu anapokabiliwa na swali ambalo wenye malori wa pwani ya kusini hulikuta mara kwa mara: je, lori la zamani litunzwe liendelee na kazi, au linunuliwe jipya?

Kwa kawaida swali hili huachiwa mhasibu na fundi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ni swali la lugha pia. Kabla ya fedha kutolewa, huwa kuna mtu aliyeandika neno katika fomu, na neno hilo ndilo linalopokewa na wale ambao hawajaliona lori lenyewe. Neno likiwa pana mno, uamuzi nao hukosewa. Mwandishi wa makala haya alipata nafasi ya kukaa na mafundi na madereva wa Kilwa Masoko, Nangurukuru na Lindi kwa kazi ya kukusanya istilahi, na mifano miwili aliyosimuliwa huko inatosha kueleza jambo hili.

Mfano wa kwanza ni wa lori la taasisi moja. Fundi alilichunguza akaona kwamba nozeli mbili zimechoka na kwamba pampu ya dizeli inavuja. Alimweleza karani kwa mdomo, naye karani akajaza fomu kwa maneno mawili: “Injini mbovu.” Waliosoma fomu hiyo waliona kwamba hapana haja ya kutumia fedha kwa injini mbovu. Lori liliwekwa juu ya mawe, likakaa hapo miaka miwili huku hewa ya chumvi ikilila, na mwisho likauzwa kwa bei ya chuma chakavu. “Injini ile ilikuwa nzima, bwana,” alisema fundi. “Wangeniachia siku tatu tu.”

Mfano wa pili ni kinyume cha huo. Dereva mmoja alikabidhiwa lori akaambiwa kwamba limetengenezwa. Kumbe springi ya nyuma iliyovunjika ilikuwa imefungwa kwa mnyororo na kipande cha mti, ili lori liweze kufika gereji. Dereva hakujua. Alipakia magunia ya ufuta, na katika mteremko ekseli ikahama, lori likapinduka, na utingo akavunjika mguu. Aliyesema “limetengenezwa” hakudanganya kwa kadiri ya lugha aliyokuwa nayo, maana kufunga mnyororo nako huitwa kutengeneza.

Lori la kwanza lilipotea kwa sababu neno “bovu” lilibebeshwa maana nyingi kupita kiasi. Katika mfano wa pili, neno “tengeneza” ndilo lililobebeshwa hivyo.

2. Kwa nini malori ya zamani hudumu kusini

Inafaa kwanza kueleza kwa nini watu wa pwani hii wamekuwa hodari wa kuyadumisha malori. Sababu ya kwanza ni njia. Kwa miaka mingi aliyetoka Dar es Salaam kwenda Kilwa na Lindi alilazimika kuvuka mto Rufiji kwa kivuko pale Ndundu, na wakati wa masika safari iliweza kukatika kwa majuma mengi. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003, na baadaye lami ikaungana. Hata hivyo, Mei 2024 kimbunga Hidaya kilileta mvua zilizobomoa barabara katika sehemu za Kilwa, na mawasiliano ya mikoa ya kusini na Dar es Salaam yakakatika kwa siku kadhaa. Aliyeharibikiwa na gari katika nchi ya namna hiyo hakuweza kungojea kipuri kutoka mbali. Ilimpasa kutumia alichokuwa nacho.

Sababu ya pili ni uhaba. Wasomaji wa umri mkubwa watakumbuka mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda mwaka 1973, ikapanda tena mwaka 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977. Na vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimemaliza fedha nyingi za kigeni. Lori jipya halikupatikana kwa urahisi, na vipuri vilikuwa adimu. Mafundi wengi walijifunza ufundi wao katika shida hiyo.

Sababu ya tatu ni namna malori yenyewe yalivyoundwa. Injini ya dizeli ya zamani hupeleka mafuta kwa pampu inayoendeshwa na gia zake yenyewe. Fundi mwenye spana, jeki na sikio zuri huweza kujua kasoro yake hata akiwa porini katika njia ya Liwale. Injini nyingi za siku hizi huongozwa na kompyuta, na kasoro zake husomwa kwa chombo maalumu ambacho hakipatikani katika kila gereji bubu. Kwa hiyo mwenye lori anayesita kununua jipya huwa amepima umbali uliopo baina ya njia anayoipita na mtu awezaye kulitengeneza.

Historia ya Lindi ina funzo jingine kuhusu jambo hili. Mpango wa karanga ulioanzishwa na Waingereza mwaka 1947, ambao Nachingwea ilikuwa mojawapo ya maeneo yake makuu pamoja na Kongwa na Urambo, ulitegemea kwa kiasi kikubwa matrekta na mitambo iliyobaki kutokana na Vita Kuu ya Pili. Mitambo mingi iliharibika upesi, na vipuri pamoja na mafundi wa kutosha havikuwako. Mpango uliachwa mwaka 1951 baada ya kugharimu zaidi ya pauni milioni 35, na reli iliyojengwa kwa ajili yake iling’olewa katika miaka ya 1960. Ukuukuu wa mitambo ile ulikuwa sehemu tu ya tatizo. Ilinunuliwa bila kufikiriwa nani ataitunza, na kwa vipuri gani.

3. Mfano wa jahazi

Watu wa Kilwa walikuwa na elimu ya kudumisha chombo karne nyingi kabla ya lori la kwanza kufika. Jahazi halikungojewa lizame ndipo lishughulikiwe. Liliegeshwa ufukoni maji yakipwa, likakwanguliwa, mianya ya mbao ikatiwa kalafati, na sehemu ya chini ikapakwa deheni, yaani mchanganyiko wa mafuta na chokaa, ili kuwazuia wadudu wanaotoboa mbao. Ubao uliooza uliondolewa, ukawekwa mwingine. Baada ya miaka mingi jahazi liliweza kuwa na mbao chache tu za asili, na hapana aliyeliita bovu.

Lugha ya bahari ndiyo iliyotupa baadhi ya maneno ya gari. Usukani ulikuwa chombo cha kuongozea jahazi kabla haujawa gurudumu mbele ya dereva. Shehena ilipakiwa melini kabla haijapakiwa katika lori. Rubani alikuwa kiongozi wa vyombo vya majini kabla hajapanda ndege. Ni dhahiri basi kwamba neno la kazi moja huweza kuhamia kazi nyingine pasipo kuamriwa na mtu, mradi watumiaji wameona mfanano.

Hata hivyo si kila neno la baharini linafaa kuhamishwa. Mathalani, haitafaa kuita kazi ya kuziba uvujaji wa injini “kalafati,” kwa kuwa kalafati ni pamba na mafuta katika mwanya wa mbao, na fundi wa gari atacheka. Kinachofaa kuchukuliwa kutoka kwa waunda vyombo ni utaratibu wao wa kuitenga kazi ya kuzuia uharibifu na kazi ya kuondoa uharibifu.

4. Lugha ya mafundi

Msomaji asidhani kwamba mafundi wenyewe wana maneno machache. Anayekaa gereji kutwa nzima atasikia kwamba hawasemi “gari bovu” ila wanapozungumza na mtu asiye fundi. Wao kwa wao husema kwamba injini inachemsha, inamisi, inakula oili, au imenoki. Kila neno lina maana yake na kila moja lina gharama yake.

Kuchemsha ni joto la injini kupita kiasi, na chanzo chake huweza kuwa kidogo kama mpira wa maji uliopasuka. Kumisi ni silinda moja au zaidi kutochoma mafuta ipasavyo. Kula oili ni mafuta ya kulainishia kupenya hadi mahali pa kuchomea, aghalabu kwa kuwa ringi za pistoni zimelika. Kunoki ni injini kukwama au kuvunjika ndani. Neno hili la mwisho linastahili kuangaliwa na wanaistilahi. Asili yake ni neno la Kiingereza linalotaja mlio wa kugonga, yaani dalili ya ugonjwa. Katika kinywa cha fundi wa Kitanzania limekuwa jina la kifo chenyewe. Atakayelitafsiri kwa kufuata kamusi ya kigeni atapotosha taarifa ya fundi.

Moshi nao una lugha yake. Moshi mweusi huonyesha mafuta yasiyoungua yote, labda kwa sababu ya nozeli mbovu au chujio la hewa lililoziba. Moshi wa buluu huonyesha oili inayoungua. Moshi mweupe usiokoma baada ya injini kupata joto huweza kuonyesha kwamba maji yanaingia katika silinda, kwa mfano kupitia gasketi iliyoungua. Fundi aliyeandika “moshi mweusi” ametaja kazi ambayo huenda ikamalizika kwa siku moja. Aliyeandika “moshi wa buluu” ametaja uwezekano wa kuifungua injini yote. Karani akiandika “gari linatoa moshi,” tofauti hiyo yote imepotea.

Vivyo hivyo kuhusu vipuri. Mafundi hutofautisha kipuri kipya, kipuri cha mtumba, na kipuri kilichochongwa karakana. Tena husema kwamba gari fulani limechinjwa, maana yake limefunguliwa ili viungo vyake vitumike katika magari mengine. Kuhusu kuchonga, lugha yetu ina neno lililo bora zaidi ambalo limeanza kusahauliwa: kukereza. Ndilo neno la maseremala waliozungusha mti katika keezo ili kupata matendegu ya vitanda. Chuma kinachozungushwa mashineni na kukatwa kwa mviringo kimekerezwa. Kuchonga hubaki kwa kazi ya patasi na tupa.

5. Uchakavu wa chombo na uchakavu wa daftari

Neno lililo na hatari kuliko yote ni “uchakavu,” kwa sababu linatumiwa na watu wa namna mbili ambao hudhani wanazungumza jambo moja. Fundi akisema uchakavu, ana maana ya kulika kwa chuma, mpira au mbao kutokana na kazi. Mhasibu akisema uchakavu, ana maana ya sehemu ya thamani inayoondolewa katika hesabu kila mwaka.

Chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, malori mazito yamo katika kundi linalopunguzwa asilimia 25 kila mwaka ya thamani iliyobaki. Tuseme lori limenunuliwa kwa shilingi milioni 100. Baada ya mwaka mmoja daftari litaonyesha milioni 75. Baada ya miaka minne, karibu milioni 32. Na baada ya miaka minane, karibu milioni 10. Hesabu hiyo ni sahihi kwa kazi yake, ambayo ni kodi. Lakini daftari halijui kama lori limebeba korosho katika lami au chumvi katika matope. Lori lililopakiwa chumvi bila kuoshwa huweza kuoza fremu upesi kuliko daftari linavyosema. Lori lililooshwa, likapakwa rangi na kubadilishwa oili kwa wakati huweza kuwa zima wakati daftari limekwisha kulizika.

Hivyo, mtu akisema katika kikao kwamba “uchakavu wa lori hili umefikia asilimia 90,” wajumbe hudhani kwamba chuma kimekwisha, ambapo kilichokwisha ni tarakimu. Kutokana na jambo hili mwandishi anashauri kwamba “uchakavu” uachiwe chombo chenyewe, na hesabu ipewe istilahi yake.

6. Mapendekezo

Katika kuunda istilahi ni desturi kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu na za nchi yetu, na mwisho katika lugha za kigeni. Kwa somo hili mwandishi aliona kwamba hapakuwa na haja ya kwenda mbali. Maneno mengi yafuatayo yako tayari. Kinachopendekezwa ni kuyapa mipaka.

(a) Matunzo: kazi ifanywayo kwa ratiba kabla kasoro haijatokea, kama vile kubadili oili na chujio, kupaka grisi, kuosha chumvi na kukaza nati. Ndiyo kazi ambayo gereji huiita sevisi.

(b) Ushikizaji: kazi ya muda ya kuliwezesha gari kufika mahali pa kutengenezwa, bila mzigo. Anayeshikiza ni lazima aandike kwamba ameshikiza.

(c) Matengenezo: kuondoa kasoro iliyojulikana na kukirudisha kiungo katika kazi yake ya kawaida.

(d) Ukarabati: kufungua mtambo mzima, kama injini au gia boksi, kupima viungo vyake vyote, na kubadili vilivyolika.

(e) Uundaji upya: kuunganisha gari kwa viungo vya magari zaidi ya moja, au kubadili fremu au injini.

(f) Uchakavu: kulika kwa kiungo kutokana na matumizi, kunakoweza kupimwa.

(g) Punguo la thamani: kiasi kinachoondolewa kila mwaka katika hesabu ya mali.

(h) Uchovu wa chuma: kudhoofika kwa chuma kwa sababu ya kupindwa au kutikiswa mara nyingi, hata kama hakijalika. Mafundi husema “chuma kimechoka,” na hapana sababu ya kuwasahihisha.

(i) Ubovu: hali ya kiungo kutoweza kufanya kazi. Neno hili lisitumiwe bila kutaja kiungo. “Nozeli mbili mbovu” ni taarifa. “Gari bovu” ni lalamiko.

(j) Kuukuu: sifa ya chombo kilichotumika siku nyingi. Sifa hii haielezi uzima wala ubovu.

(k) Mkweche: gari ambalo gharama ya kulirudisha barabarani kwa usalama imezidi faida yake. Kwa sasa neno hili hutumika kwa dhihaka, lakini maana yake ni bayana na linaweza kupewa kazi rasmi.

Fomu ya gari ikiwa na nafasi ya kutaja kiungo, aina ya kasoro, na aina ya kazi inayohitajika kwa mujibu wa orodha hii, karani hatalazimika kubuni, na mkubwa asiyeliona lori ataamua kama aliyeliona.

7. Hitimisho

Mwandishi hadai kwamba kila lori la zamani lidumishwe. Katika gereji moja ya Lindi fundi mzee alimwonyesha fremu iliyokuwa na ufa mwembamba karibu na kitako cha springi, ufa ambao mtu asiye fundi angeudhania kuwa ni mstari wa matope. Mwenye gari alikuwa ameomba ufa huo uchomelewe tu, kwa kuwa ana mzigo wa korosho unaongoja. Mzee alikataa. Alisema kwamba chuma kimechoka sehemu yote ile, na kwamba ukichomelea hapa kitakatika hapo pembeni. “Mwambie mwenyewe,” alimwagiza kijana wake, “hili sasa ni mkweche. Injini yake nzima, gia boksi nzima. Atafute fremu, au alichinje. Barabarani halirudi.”

Katika maneno hayo machache mzee alikuwa amekwisha kutenganisha uchovu na uchakavu, matengenezo na uundaji upya, gari na viungo vyake. Alijua kipi kiokolewe na kipi kiachwe. Kijana alitafuta kalamu, akachukua fomu ya mwenye gari, na katika nafasi ya hali ya gari akaandika: “Bovu.”

Mzee hakuwa na miwani, kwa hiyo hakuona. Mwandishi wa makala haya aliona, akamwomba kijana aongeze mstari mmoja chini yake: fremu ina ufa kwenye kitako cha springi cha nyuma, kushoto, injini nzima, gia boksi nzima. Kijana aliandika, akasoma kwa sauti, na mzee akaitikia kwa kichwa.